Tumpikie Chai au Tumngoje

Nilitumwa na baraza la kanisa kwenda kumkemea, nikarudi nyumbani jioni ile nikiwa tabibu wa ng'ombe. Wazee wenzangu waliponiuliza nimefikia wapi na yule Mkongo wa Kisugu, nilijibu kwamba jambo lake linahitaji uchunguzi zaidi. Uchunguzi huo nimeufanya miaka mingi sasa, kila Jumamosi alasiri, na namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyewahi kunidai ripoti.

Tulimwita Mwenye Meza. Meza yenyewe ilikuwa geti. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti kule Katwe, na mteja mmoja alimwagiza geti la fahari, lenye maua ya chuma na ndege wawili wakitazamana, kisha mteja huyo hakurudi tena. Mwenye Meza alilipeleka nyumbani, akalilaza juu ya miguu ya mabomba na kulifunika kwa ubao. Ubao haukutosha. Ndege mmoja alibaki chini yake, wa pili akachomoza upande wa mlangoni, mdomo wake ukiwa sawa na paja la mtu aliyeketi. Wageni walikalishwa hapo. Sijui mgeni aliyeondoka na suruali nzima.

Mashtaka dhidi yake yalianzia kwa Mama Furaha, anayeuza vitenge na kuimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu. Baada ya ibada alisikika akimwambia mwenzake, kwa utulivu wa mtu anayesimulia habari za sokoni, "Mimi Jumamosi nilikufa, lakini wamesema watanifufua wiki kesho." Mzee wa baraza aliyekuwa nyuma yake alikosa hamu ya chakula siku nzima.

Basi nikaenda, Biblia kwapani. Sebuleni niliwakuta watu watatu, Mama Furaha akiwamo, wamelizunguka lile geti. Mwenye Meza alikuwa amesimama, mikono yake yenye makovu ya cheche ikizunguka hewani.

"Karibu, Papa. Kaa pale kwa ndege," akasema, akiniita baba kwa Kiswahili cha kwao.

"Nimekuja na neno," nikasema.

"Neno itangoja kidogo, Papa. Kuna ng'ombe anakufa hapa."

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na ng'ombe. Alikuwamo ndani ya hadithi, akijaribu kuzaa, na ndama alikuwa amekaa vibaya tumboni. Wale watatu walikuwa watu wazima, lakini walikuwa wa mjini, na mmoja wao alikuwa anapendekeza wamvute mkia. Mimi nimekulia kwa ng'ombe. Nilivumilia kadiri nilivyoweza, kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Mgeuzeni ndama kwanza, mtamuua huyo."

Mwenye Meza akanigeukia. "Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

Nilitaka kujibu kwamba mimi ni mzee wa kanisa. "Tabibu wa ng'ombe," nikasema. Akaniwekea kete mkononi.

Niueleze mchezo wenyewe, maana wapo wanaodhani ni kamari au ni uchawi. Kila mtu mezani ana mtu wake ndani ya hadithi, aliyemtunga mwenyewe. Mwenye Meza anasimulia dunia: mto umefurika, darajani pana mlinzi, mlinzi ana njaa. Wewe unasema mtu wako anafanya nini, kisha unarusha kete, nayo inaamua kama umefaulu. Kete yetu aliisubu mwenyewe kwa vipande vya sufuria kuukuu, akaichonga nyuso ishirini kwa tupa. Ilikuwa nzuri machoni na mbaya tabia. Ilipenda tatu. Odhiambo, Mkenya mwenzangu anayefanya kazi ya kuuza pampu za maji, alikuwa akiinua mikono na kusema, "Hii kete ina ukabila." Mwenye Meza aliahidi kila wiki kwamba ataichonga upya, na kila wiki aliirudisha ikiwa vilevile. Nadhani aliipenda ikiwa na kasoro yake.

Baada ya kuwa tabibu kwa muda, nilikumbuka kilichonileta, nikamwuliza kuhusu kufufua. Alicheka, halafu akaacha kucheka alipoona kwamba nimeuliza kwa moyo.

"Papa, mimi siwezi kufufua hata betri ya simu. Ule anayefufua namujua, na wewe unamujua. Hapa tunacheza tu. Lakini mutu akikufa kwa meza yangu, lazima iume kidogo. Kama haiume, basi hakuishi."

Nilikwenda nalo nyumbani neno hilo. Nimesikia mahubiri ya Pasaka ambayo hayakunifikia hapo.

Mtu wa mchezo alipokufa, Mwenye Meza hakuendelea na hadithi. Aliweka kete chini, akakipa kisogo kiti cha aliyefiwa na mtu wake, akatutazama mmoja mmoja na kuuliza, "Tumupikie chai ao tumungoje?"

Kumngoja maana yake ni kwamba tunataka arudi. Michezo ya namna hii huko ilikotoka ina makuhani na dawa za kumwinua mfu kama mtu anayeamsha aliyesinzia, na Mwenye Meza hakupenda hilo. Kwake, waliobaki waliifuata njia ngumu mpaka kwenye dawa, na kila mmoja alitoa kitu alichokipenda ndani ya hadithi. Mimi niliwahi kumtoa fahali niliyemlea tangu ndama. Muda wote huo mwenye mfu aliketi kwa ndege, akitumiminia maji bila kusema neno. Mama Furaha alipokuwa mfu, alinyamaza Jumamosi kadhaa mfululizo, na mume wake alikuja mwenyewe mpaka Kisugu kumshukuru Mwenye Meza.

Kumpikia chai maana yake ni kwamba tumekubali. Hapo mchezo ulisimama kabisa. Chai ya tangawizi ilichemshwa, gonja, zile ndizi tamu, zikachomwa kwenye sigiri nje, tukafanya matanga. Haikuruhusiwa kumsifu marehemu. Kila mtu alitaja kosa moja la marehemu. Nilipouliza sababu, Mwenye Meza alisema sifa za watu zote zinafanana, lakini kwa makosa unamwona mtu sura. Tulimzika hivyo bibi mmoja mwizi aliyechezwa na Mama Furaha, na makosa yake yalikuwa mengi hata chai ikaongezwa maji mara ya pili. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni ya kweli, huku nikijicheka njiani.

Desturi ya tatu ilitoka kwa Nakato, muuguzi, mwenyeji wetu wa hapa Buganda. Mtu wa Odhiambo alikuwa mpiga mkuki aliyeitwa Mbio, na aliishi kama jina lake. Alifungua mlango ambao sote tulimwambia asiufungue. Kete ikatoa tatu. Tulimpikia chai, tukataja makosa yake, na lilikuwa moja tu, ule mlango, ila kila mtu alilitaja kwa namna yake. Ndipo Nakato akasema, "Sasa musika ni nani?"

Musika ni mrithi. Kwa Waganda matanga, yaani lumbe, hayajaisha mpaka mrithi aketishwe mbele ya watu na kukabidhiwa vitu vya marehemu. Mwenye Meza alifurahi sana kusikia hivyo. Tukatandika mkeka, na binti mdogo wa hadithi ambaye Nakato alikuwa anamcheza akaketishwa, akapewa mkuki wa Mbio. Ilikuwa shughuli nzuri. Odhiambo mwenyewe alipiga makofi.

Jumamosi iliyofuata Odhiambo aliingia akiwa na haraka. "Mzee," akaniambia kabla hajakaa, "ile chupa yako. Ile uliyopewa na yule bibi kizee kwa ajili ya ng'ombe. Ilikuwa dawa ya uhai, ama sivyo?"

Ilikuwa hivyo kweli. Nilikuwa nimeisahau mkobani mwa tabibu. Niliitoa, maana ningemnyimaje? Kete ikapanda juu kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na Mbio akafufuka. Akasimama, akajipangusa vumbi, akanyoosha mkono kwa yule binti ili apewe mkuki wake.

"Hapana, ssebo," Nakato akasema, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Hapana nini? Ni wangu."

"Ilikuwa yako. Wewe umekufa, lumbe tumemaliza, musika amekaa. Maiti harudi kudai vitu."

"Nakato, mimi niko hapa. Napumua."

"Unapumua, lakini sisi tumeshakula."

Tulicheka, kisha tukagundua kwamba wao hawacheki. Mabishano yalikula alasiri yote. Odhiambo alisema sheria za kwao haziruhusu mtu kurithiwa akiwa hai. Nakato alisema ukimwondoa musika mkekani unawatukana waliomweka, na waliomweka ni sisi sote, pamoja na Odhiambo na makofi yake. Odhiambo aliondoka bila kuaga, na wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa wazi.

Mwenye Meza alimfuata kazini kwake akiwa bado na aproni ya Katwe. Sijui waliongea nini katikati ya pampu. Najua kwamba walirudi pamoja, na Mwenye Meza alisimama akatoa hukumu ambayo mpaka leo ndiyo sheria ya nyumba ile.

"Aliyerudi, tunafurahi amerudi. Hakuna mutu atamufukuza. Lakini kiti iko na mwenyewe. Aliyerudi ni mugeni, atakaa kwa ndege, ataanza na mikono mitupu na jina mupya."

Odhiambo alilitafakari hilo. "Basi naitwa Bure," akasema, na Bure ameishi muda mrefu kuliko Mbio, maana siku hizi anabisha hodi.

Mwenye Meza, mkali hivyo kwa kifo, alikuwa na udhaifu wake, na sisi tuliujua. Wanyama hawakufa mezani kwake. Punda aliyeanguka bondeni alikutwa akila majani. Kisha palikuwa na vikongwe. Kila hadithi yake ilikuwa na bibi kizee mahali fulani, na wote, awe malkia, awe mlinzi wa daraja, awe mzuka wa kisimani, walikuwa na sauti moja. Mwenye Meza alikohoa mara mbili, akakunja shingo, akauliza, "Umekula?" Ulikuja kwa malkia kuomba jeshi, ukaulizwa umekula. Safari moja kikongwe wa daraja alitunyima njia mpaka tumalize ugali, tukiwa tumembeba Mbio maiti begani, katika kifo chake cha awali ambacho tulimngoja. Nakato, kwa hasira za mchezo, aliwahi kumlenga mmoja wao kwa mshale, na kete ikamkubalia kabisa. Mwenye Meza aliitazama kete kwa muda.

"Mushale umepiga sufuria," akasema. "Anauliza kama umekula."

Siku moja tulibaki wawili tukiosha vikombe, nikamwuliza huyo bibi ni nani. "Mama yangu," akasema. "Iko Bukavu. Yeye hajui kama amekuwa malkia."

Alisafiri kwa ajili ya mama huyo. Habari zilifika kwamba ni mgonjwa, akamwachia Mama Furaha ufunguo wa nyumba na kete akaiacha mezani, akasema atarudi upesi. Huko barabara ikafungwa kwa vita. Simu yake iliita siku chache, kisha ikawa haiiti.

Tuliendelea kukutana, tukiketi kulizunguka geti bila kucheza. Tulizungumza habari za mji, mafuriko ya Nateete, bei ya vitenge. Hakuna aliyeigusa kete. Jumamosi zikapita mpaka siku moja Odhiambo, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akasema, "Jamani, sisi wenyewe tuna swali letu. Tumpikie chai au tumngoje?"

Mama Furaha aliinamisha kichwa. Ana ndugu wengi huko, na yeye ndiye aliyekuwa akipokea habari zao. "Tumungoje," akasema. Sote tukasema tumngoje.

"Lakini hata kungoja lazima kuna mtu kwa kiti," Nakato akasema. "Tukikaa hivi, akirudi atakuta meza nayo imekufa." Akanitazama mimi.

Nilikataa. Nilijua sheria ya nyumba. Ukiketi kwenye kiti cha mtu umesema neno juu yake, nami nisingependa neno hilo litoke kwangu. Niliomba juma zima. Ninaamini ufufuo wa wafu, nimeufundisha kwa watoto na kwa wafiwa, lakini kumwamini Mungu kwa ajili ya siku ya mwisho kulikuwa kwepesi kwangu kuliko kumwamini kwa ajili ya Mkongo mmoja aliyekuwa barabarani. Mwishowe niliwaambia hivi: nitakaa kitini, lakini chai haitapikwa. Wakakubali. Kuanzia siku hiyo hapakunywewa chai mezani pale. Tulikunywa maji, na Odhiambo akaja na soda zake.

Nilijifunza kusimulia. Mito yangu ilifurika vizuri, walinzi wangu walikuwa na njaa ya kutosha. Lakini katika dunia yangu hapakuwa na bibi kizee hata mmoja. Vijiji vizima vilikuwa na wazee wa kiume, vijana na mbuzi. Nilipofika mahali ambapo kikongwe angefungua mlango, niliufanya mlango uwe umefunguka wenyewe. Hakuna aliyeuliza sababu.

Alirudi msimu wa kiangazi uliopita. Nilikuwa katikati ya sentensi, nikimzamisha Bure kwenye kinamasi, tukasikia hodi. Akasimama mlangoni, amekonda hata kola ya shati ilimzunguka kama ya mtu mwingine, ameshika mfuko mmoja wa plastiki. Mama Furaha aliinuka, akamshika mikono yote miwili. Mwenye Meza alikuwa anakitazama kiti chake, na mimi ndani yake.

Nikaanza kuinuka.

"Mzee, kaa," Nakato akasema. Nakato ni Nakato. "Kiti kina mwenyewe."

Mwenye Meza alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akazunguka, akaketi kwa ndege, na sote tulisikia suruali ikichanika.

"Chai yangu mulikunywa?" akauliza.

"Hatukuipika," nikamjibu.

"Muliningoja."

"Tulikungoja."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeonja kitu. Mama Furaha, aliyekuwa amesimama bado, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mama?"

Alichukua kete, akaigeuza-geuza vidoleni. "Mama nilimupikia chai. Nilikunywa mwenyewe. Njia zilikuwa zimefungwa, hakuna mutu alifika."

Mama Furaha alikwenda jikoni, na baada ya muda tukasikia tangawizi ikitwangwa. Nakato akawasha sigiri. Chai ilipofika, tulimkalisha Mwenye Meza vizuri, tukaanza kutaja makosa, kwa maana yule mama hakuwa mgeni kwetu.

"Alinilisha ugali nikiwa maiti," Odhiambo akasema.

"Nilimpiga mshale," Nakato akasema, "na yeye ananiuliza nimekula."

"Alinipa ufalme," Mama Furaha akasema, "kisha akanituma nikaoshe vyombo."

Mimi nilisema kwamba alinipa chupa bila kunieleza ni ya nini, na ikatuletea ugomvi wa mwezi mzima. Mwenye Meza alicheka na kujifuta macho kwa kiganja, akaomba chai nyingine.

Tulipomaliza, vikombe vikasogezwa, na Odhiambo akasema mgeni sharti acheze. Mwenye Meza hakubisha. Mikono mitupu na jina jipya, aliijua sheria. Alijiita Msafiri.

Nikarudi kwenye hadithi bila kuwa nimejiandaa. Nilimwambia Msafiri kwamba mvua inanyesha, ametembea kutwa, na mbele yake kuna nyumba moja yenye taa.

"Ninabisha hodi," akasema.

Mlango ule niliuacha umefungwa. Ninajua funguo za mauti ziko mkononi mwa nani, wala sikudhani kwamba nimeshika hata mmoja. Nilikuwa mzee wa kanisa kwenye kiti cha mtu mwingine. Nilikohoa mara mbili, nikakunja shingo.

"Umekula?" nikauliza.

Kete ilikuwa kiganjani mwake, na hakuirusha.

"Bado, mama," akasema.